Bi Tochi na Mkoba wa Korongo

Hebu mwone anavyokuja. Ni asubuhi, ngazi za jengo bado zina maji ya deki, na lifti ilikufa zamani. Siku hizi wanahifadhi humo mifagio. Anapanda mwanamke mrefu, mwembamba, viatu vyake vya kisigino kifupi vikigonga kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Hatazami nyuso za watu. Anatazama mikono yao, na kilichoshikwa na mikono hiyo. Mwangalie yule mama aliyekaa kwenye benchi la koridoni akisubiri ofisi ya bima ifunguliwe: kamwona tu, mkoba umetoka mapajani umeingia nyuma ya mgongo. Na yule binti wa mapokezi naye ameufunika wa kwake kwa sweta. Utadhani anapita mwizi. Lakini afadhali mwizi, maana mwizi huchukua mkoba akakuachia heshima yako. Huyu hukuachia mkoba wako, akaondoka na heshima.

Watu wanamwita Bi Tochi. Jina limetokana na kile kitochi cha chuma, chembamba kama kalamu, anachokining'iniza shingoni kwa kamba, pale wanawake wenzake wanapoweka mkufu. Anafanya kazi katika duka la ghorofani linalouza mikoba ya fahari iliyokwisha kutumika: mikoba ya makampuni makubwa ya ng'ambo, ile ambayo mtu huitamani kabla hata hajajua ataweka nini ndani. Wako wanaokuja kuuza, wako wanaokuja kununua, na wako wanaokuja na swali moja tu, wakiuliza kwa sauti ya chini kama wako kwa daktari: huu wangu ni wa kweli, au nimepigwa?

Acha nikueleze kidogo juu ya kazi hiyo, maana bila hivyo ugomvi wenyewe hutauelewa.

Mkoba bandia wa kizamani hata wewe ungeukamata. Herufi za nembo zinacheza ngoma, gundi inanuka hadi machozi, dhahabu ya bizimu inabanduka ukiikwaruza kwa ukucha. Shida ni bandia za siku hizi. Zinakuja na boksi, na kifuko cha kitambaa, na risiti, na kadi iliyopigwa muhuri kuthibitisha kwamba mkoba ni halisi. Bi Tochi akiiona kadi hucheka kwa pua. "Mtu aliyeweza kuiga ng'ombe mzima," husema, "atashindwa na kipande cha karatasi?"

Yeye huanzia tumboni. Anafungua mkoba, anawasha tochi, anaingiza kichwa karibu chote. Bitana imeshonwaje? Uzi gani? Zipu ina jina la nani? Anaamini kwamba mtengeneza bandia humaliza jasho lake usoni, mahali mteja anapoona, na akifika ndani huwa amechoka au ana haraka. Baada ya tumbo, ndipo hunusa. Kisha hupima uzito wa vyuma kwa kiganja, hutazama kingo zilivyopakwa rangi, na ngozi yenyewe huiacha mwisho kabisa.

Na ana sheria yake moja. Wakati anakagua, mwenye mkoba hafungui mdomo. Ukianza kueleza ulikoupata, tochi inatoka kwenye mkoba inakuja machoni pako. Kwa muda wote aliokaa kwenye kazi hiyo ameshasikia habari za shangazi aliyeko ng'ambo, na bosi aliyestaafu, na bahati nasibu kwenye meli, na kila alipozisikia alikuta gundi. Kwa hiyo aliamua kutosikia. Mkoba useme wenyewe, ndivyo anavyosema. Akimaliza hutamka neno moja, na hapo hakuna rufaa. Mwenye duka, ambaye wote wanamwita Bosi, alilipenda sana neno hilo moja. Ndilo lililomjazia duka.

Lakini lilimwondolea Bi Tochi watu. Kadi za harusi zilipungua. Binamu yake alikuja msibani na vitu vyake kwenye mfuko wa nailoni, kisa tu hakutaka kutazamwa. Na aliyemchukia kuliko wote alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake mdogo.

Hiyo chuki ina siku yake ya kuzaliwa. Ni siku ile binti wa watu alipoletwa nyumbani kujulishwa kwa mara ya kwanza, amevaa vizuri, moyo unamdunda, mkoba mpya begani. Bi Tochi alimpokea mlangoni, akatazama mkoba kabla ya uso, akasema, "Karibu, wifi. Wewe ingia, huo mkoba uache nje, unanuka gundi." Sebule nzima ilicheka. Binti alicheka pia, kwa meno tu. Tangu hapo wawili hao hawakupikika chungu kimoja.

Sasa sijui ilikuwa kipaji au ni kulipiza, lakini wifi huyo naye akaingia kwenye biashara ya mikoba. Hakuwa na duka. Aliwatafuta wanawake waliokuwa wakihama, waliostaafu, waliochoka na vitu vyao, akanunua kwao, akazungusha kwenye saluni na maofisini. Alikuwa na jicho, na ulimi ndiyo usiseme. Kaka yake Bi Tochi alikuwa dereva wa lori. Mgongo ulipomkatalia kukaa kwenye usukani, nyumba yote ilihamia kwenye mikoba ya mkewe. Yeye kaka, watoto, na mama yao mzee aliyekuwa akiishi hapo hapo. Kwa hiyo jina zuri la wifi halikuwa la kuringia. Ndilo lililokuwa likipika.

Basi ikatokea hivi. Mwenye saluni mmoja mkubwa, Mama Saluni, alinunua kwa wifi mkoba wa Korongo. Korongo ni kampuni ambayo nembo yake ni yule ndege mwenye miguu mirefu, na mikoba yake watu huinunua kama vile wanaoa. Mama Saluni aliuvaa kwa raha kubwa, mpaka mteja mmoja alipouliza mbona zipu yake inakwama. Wenye saluni mnawajua. Hakulala na hilo. Asubuhi yake alipanda ngazi za lile jengo, akauweka mkoba juu ya kioo.

"Bi Tochi, sitaki maneno mengi. Nimeuziwa na wifi yako. Niambie."

"Wifi yangu yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

"Huyo mmoja amenitosha."

Hata kabla tochi haijawashwa, wifi mwenyewe akaingia akihema, jasho limemshuka hadi shingoni. Alikuwa ameambiwa huko saluni kwamba mkoba umepelekwa kupimwa.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba," Bi Tochi akaitikia, lakini alimwitikia mkoba.

"Kabla hujaufungua, nina neno moja kuhusu zipu..."

"Hapa watu husubiri kimya."

"Neno moja tu, wifi yangu."

"Wifi yuko nyumbani. Hapa kuna mkoba na tochi."

Akafungua. Na kweli, kilichokuwamo kilikuwa aibu. Zipu ilikuwa ya dukani kabisa, kama ile ya kushonea sare za shule, haina jina wala nembo. Uzi ulioishika ulikuwa wa nailoni, unang'aa. Bitana ya pembeni ilifumuliwa ikarudishwa na mkono mzito. Bi Tochi alizima tochi. Pua hakuipeleka, vyuma hakuvipima, ngozi hakuigusa. Kwa mkoba wa mtu mwingine angeendelea? Mimi naamini angeendelea. Lakini siku hiyo alipata alichokuwa akikitafuta mlangoni kwenyewe, akaona hakuna haja ya kuingia ndani.

"Feki."

"Hata ngozi hujaishika!" wifi akapiga kelele.

"Nikikuta panya kwenye sufuria, sihitaji kuonja mchuzi."

"Zipu ilibadilishwa! Aliyeniuzia alikuwa mhudumu wa ndege, ilimkatikia safarini, fundi viatu akamwekea hiyo..."

Tochi ikawaka, machoni mwake.

"Mhudumu wa ndege," Bi Tochi akasema taratibu. "Kwa hiyo bado hajafika kuwa rubani. Ukija tena atakuwa amepanda cheo."

Wateja wawili watatu waliokuwa dukani wakacheka. Mama Saluni hakucheka. Alimgeukia wifi.

"Ngoja. Kama unajua zipu ilibadilishwa, mbona siku unaniuzia hukusema?"

Na hapo ndipo wifi alipokwama. Hakusema kwa sababu Mama Saluni ni mtu wa kushusha bei kwa mkwaruzo usioonekana, na zipu nzima ingekuwaje? Lakini hilo utalisemaje mbele yake? Kimya hicho kilimmaliza kuliko lile neno la Bi Tochi.

Habari haikuhitaji miguu. Ilikuwa saluni tayari. Kabla jua halijazama, kila mwanamke aliyewahi kununua kwa wifi alikuwa ameushuku wake. Wakaanza kuirudisha mikoba, Mama Saluni wa kwanza na Korongo wake, mizima na mibovu, mmoja akarudisha hata ambao hakuuziwa na wifi. Aliyetaka pesa yake alirudishiwa. Waliokuwa wameweka oda wakaacha kupokea simu. Mlango ambao wanawake walikuwa wakiugonga tangu asubuhi ukawa haugongwi na mtu.

Ndipo kaka mtu alipokuja kwa dada yake. Ilikuwa alasiri, siku ya mapumziko, Bi Tochi amejimiminia chai, ameketi kwenye meza yake ndogo karibu na dirisha. Kaka aliingia ameshika kiuno kwa mkono mmoja, mkoba wa Korongo kwa mkono wa pili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa, mgongo huo."

"Sikai. Mama anakusalimu."

"Hajambo?"

"Anakula kwa mikoba ya mke wangu, atakuwaje hajambo? Siku ile ulijua hilo?"

"Nilijua."

"Ukasema feki."

"Mkoba haujui nani anakula, kaka. Ningesema nini? Kwamba zipu ya sare ya shule imetoka kwa Korongo?"

"Ungemsikiliza! Mtu anakuomba neno moja, wifi yako, mbele ya watu, anakuomba kama ombaomba. Ungepungukiwa na nini?"

"Nikimsikiliza yeye nitasikiliza wote."

"Basi jisikilize mwenyewe." Akautupa mkoba mezani. Kikombe kikapinduka. "Uchome, uuze, uuvae kichwani. Nyumbani kwangu hauna kazi tena, na wewe pia."

Mlango ulivyobamizwa, kitasa kilianguka ndani ya chumba.

Bi Tochi alikaa akitazama kitasa. Kisha akachukua kitambaa afute meza, na mkono ukaishia hewani. Chai ilikuwa imemwagikia mshikio wa mkoba. Haikuteleza. Haikukusanyika matone-matone kama inavyofanya juu ya plastiki iliyojifanya ngozi. Mshikio ulikuwa unainywa. Uliinywa kama mgeni aliyetembea juani, na pale ulipoinywa palikuwa pameshakuwa pa rangi ya kahawia.

Nawe ujue: Korongo huiacha ngozi ya mishikio yake bila kuitia rangi wala mafuta, ili izeeke pamoja na mwenye mkoba. Wanaoiga huipaka rangi ya uzee tangu kiwandani, sawasawa juu hadi chini. Bi Tochi aliinama. Mshikio ule haukuzeeka sawasawa. Pale vidole vya mtu vilipokuwa vikikamata, miaka na miaka, palikuwa peusi kidogo. Chini ya pete ya chuma inayoushika, ambako mkono haufiki, ngozi ilikuwa bado changa.

Akawasha tochi. Safari hii hakuanzia tumboni. Alianza na kingo, akaenda kwenye vyuma, akavipima kiganjani, vikamlalia vizito na baridi. Akanusa. Akatazama muhuri wa korongo, ule uliozama ndani ya ngozi bila kuikata. Mwishowe akaiinua bitana kwa ncha ya sindano, pembeni ya ile zipu ya aibu. Pale, kando ya uzi wa nailoni, palikuwa na mstari wa matundu matupu, madogo, yamelala upande mmoja kama mvua ya upepo. Matundu ya uzi wa kwanza, wa kiwandani, uliofumuliwa na fundi viatu ili aweke zipu yake. Yalikuwepo siku ile dukani. Yangeonekana na mtu yeyote aliyekuwa tayari kuendelea kutazama.

Usidhani alilia. Jambo la kwanza lililompata lilikuwa hasira, na hasira ile ilikwenda kwa wifi. "Mpumbavu huyu," akasema peke yake, "kwa nini hakunipokonya tochi?" Akainuka, akaokota kitasa, akajaribu kukirudisha mlangoni, kikamkatalia. Akakiweka mezani karibu na mkoba na kuketi tena.

Asubuhi yake alimkuta Bosi anafuta kioo.

"Bosi, ule mkoba wa Korongo ni wa kweli."

"Upi?"

"Wa wifi yangu. Zipu imebadilishwa, basi. Vingine vyote ni vya kwao."

Bosi aliendelea kufuta. "Umeshamwambia nani?"

"Wewe."

"Umemaliza, basi. Liishie hapa."

"Mwanamke yule amefungiwa mlango na mji mzima."

"Bi Tochi, unajua watu wananunua nini hapa kwangu? Mikoba iko kila mahali. Wananunua neno lako. Siku utakayosema ulikosea mmoja, wote uliowahi kuwaambia feki watajipanga kwenye zile ngazi. Na uliowaambia ni wa kweli nao watakuja, hao ndio wabaya zaidi. Na kwani huyo wifi unampenda?"

"Simpendi."

"Sasa?"

"Kutompenda ni shauri langu. Mkoba ni wa kweli."

"Ukienda kusema hayo, usirudi hapa na hiyo tochi. Tusielewane vibaya."

Alielewa vizuri sana. Alishuka ngazi, na yule mama wa benchini akauficha mkoba wake kama kawaida.

Wifi alimfungulia mlango nusu. Nusu ile aliiziba kwa mwili wake mwenyewe, mkono kiunoni. Nyuma yake sauti ya mama mzee ikauliza ni nani, na wifi akajibu bila kugeuka, "Hakuna mtu, mama."

"Nimekosea," Bi Tochi akasema. "Mkoba ni wa kweli."

"Sema tena, sijasikia."

"Umesikia."

"Mimi nilisikia feki mbele za watu. Hayo mengine nitayasikia mbele za watu hao hao."

"Ndiyo sababu nimekuja. Twende saluni."

"Twende?" Wifi akacheka kile kicheko chake cha meno. "Wewe tangulia. Sitaki kuonekana natembea na wewe."

Wakaenda hivyo, mmoja mbele, mwingine nyuma kwa mbali, kama watu wasiojuana wanaokwenda msiba mmoja.

Saluni ilikuwa imejaa. Wanawake wamekaa chini ya madude yale ya kukaushia nywele, vichwa vimejaa rola, dawa ya nywele inachoma pua. Bi Tochi alipoingia, mikoba ikasogea, mingine ikashuka chini ya viti. Mama Saluni mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha wateja, kichwa chake kimepakwa rangi, taulo shingoni, anasubiri rangi ishike. Hakuweza kuinuka, kwa hiyo Bi Tochi akaulaza mkoba mapajani mwake.

"Mama Saluni, nilikuambia huu ni feki. Nilikosea. Ni Korongo wa kweli."

Mtu mmoja akazima mashine ili asikie vizuri.

"Rudia," Mama Saluni akasema.

Akarudia. Akamwonyesha matundu kwa tochi. Akamwonyesha mshikio ulivyozeeka, na akamwonyesha pale chai ilipoingia.

"Kwa hiyo umenimwagia chai kwenye mkoba," Mama Saluni akasema, "halafu doa ndilo ushahidi."

Saluni ikaangua kicheko.

"Plastiki haingeinywa."

"Sikiliza nikwambie kwa nini siku ile nilikuamini. Nilijisemea, huyu ni wifi yake. Kama kungekuwa na pa kumfichia aibu angemfichia. Ikiwa ameshindwa kumfichia hata mtu wa nyumbani kwao, basi huu ni feki wa kutupwa. Leo unakuja na habari nyingine. Nyie mmekaa kikao. Mama kalia, kaka kalia, mkoba ukatoka kwenye kikao umepona."

"Mimi naona kinyume," akadakia mwanamke mmoja kutoka chini ya mashine. "Siku ile ndiyo ilikuwa chuki. Wifi na wifi, hamjui? Leo ndiyo kasema kweli, roho imemsuta."

"Roho ya nani? Huyo ana roho?" akauliza mwingine, na kicheko kikarudi.

Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, hapo akashindwa kujizuia.

"Kikao? Mimi nikae kikao na huyu? Sili kwake, hali kwangu! Huyu alinitukana siku ya kwanza nafika kwao, amenivunjia biashara, ameninyima hata neno moja la kujitetea. Akidondoka hapa mbele yangu nitamruka niende zangu!"

"Na mimi nikidondoka," Bi Tochi akasema bila kumtazama, "naomba nisidondokee kwako."

"Mmeona?" wifi akawauliza wanawake. "Hapo pana mapatano?"

"Wamefanya mazoezi," yule wa chini ya mashine akasema. "Wanaigiza vizuri kweli. Jamani, nimebadilisha mawazo, ni kikao."

Sasa hata Bi Tochi alionekana kuchoka. "Nimekatazwa na Bosi kuja hapa," akasema. "Nimekuja."

Mama Saluni alimtazama kupitia kioo, kama wanavyotazamana watu wa saluni. Kisha akachukua simu, akapiga dukani, akaweka sauti kubwa, akauliza kuhusu mkoba wa Korongo aliopeleka kupimwa.

Sauti ya Bosi ikatoka nyororo, ya mtu mwenye subira. "Mama yangu, sisi kama duka jibu tulishakupa. Ule ni feki. Tunasimama na neno letu."

"Na huyu Bi Tochi wenu, kama atasema vingine?"

"Huyo si mfanyakazi wetu tena, mama. Kuanzia leo asubuhi. Tunamtakia kila la heri."

Simu ikakatwa. Safari hii hakuna aliyecheka. Wifi alimtazama Bi Tochi kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani, kisha akayaondoa macho haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Hakumsamehe, usije ukafikiri hivyo. Alipiga hatua mbele, akasimama karibu na kiti.

"Mama Saluni, kuhusu zipu nilipaswa kukuambia, na sikukuambia. Hilo ni langu, nimelibeba. Lakini mkoba ni wa kweli. Unauchukua au huuchukui?"

Kila mtu mle ndani alijua swali hilo lilikuwa linauliza nini. Mama Saluni akiuchukua, wote watarudi kugonga mlango wa wifi, na nyumba ile itapika. Akiuacha pale kwenye kiti, biashara ile imekwisha, na ataondoka wifi mmoja hana jina na mwingine hana kazi, wakipitia mlango mmoja kwa zamu ili wasigusane.

Rangi ilikuwa imeanza kumchoma kichwani, lakini Mama Saluni hakuita aoshwe. Vidole vyake vilikuwa vimeshaukamata mshikio, pale pale peusi, palipokamatwa na mwanamke mwingine kwa miaka mingi, na alikuwa anapapapasa bila kujua kama anapapasa. Duka limesema feki. Aliyekuwa mdomo wa duka amesema ni wa kweli, na kusema huko kumemfukuzisha. Muuzaji aliwahi kumficha jambo. Na watu wote watatu wana sababu zao.

Sasa wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, tuseme kichwa hicho chenye rangi ni chako na mkoba uko mapajani mwako, wanawake wote wamenyamaza wanakusubiri. Ungeuchukua?